Saa ya gari ikizima: anza na fyuzi, si na ngumi



Leo siandiki juu ya kutafuta kazi wala juu ya bursi. Ninaandika juu ya saa ya gari, ile ndogo yenye namba za kijani katikati ya tablo. Najua kuna mwenye atasema: huyu amekosa la kuandika. Vumilia kidogo. Ile saa ilinionyesha kitu ambacho miaka yangu mitano ya elektroniki haikunionyesha, na bila yenyewe, gari iliyonilipia masomo ingeweza kuungua siku moja barabarani.

Ilikuwa mwaka wa 2019, hapa Goma. Baba yangu mdogo alikuwa anaendesha teksi, Toyota Corolla ya miaka ya 90, usukani upande wa kuume kama gari nyingi zinazotufikia kutoka Japani. Asubuhi saa ilikuwa inawaka vizuri. Ikifika mchana, jua likipiga kwenye kioo, namba zinaanza kufifia, kisha zinazima. Baba mdogo alikuwa na dawa yake: ngumi moja juu ya tablo. Namba zinarudi, anaendelea na kazi.

Siku moja ngumi haikusaidia. Alikuwa amepatana na mama mmoja mchuuzi kumpeleka bandarini alfajiri, apande mashua ya Bukavu na mifuko yake ya vitunguu. Usiku umeme ulikuwa umekatika, simu yake haikuwa na chaji. Akatoka kwa kukadiria tu, akaangalia mawingu, akasema muda bado upo. Walipofika, mashua ilikuwa imeshaacha gati. Yule mama hakupiga kelele. Alikaa juu ya mifuko yake akanyamaza. Baba mdogo alimrudishia pesa ya kosi na akamrudisha soko bure.

Jioni aliniita. Aliniuliza bila hasira:

– Enjinieri, wewe ulisoma elektroniki. Hii saa si elektroniki?

Nikamjibu:

– Papa, sisi tulisoma mambo ya sistemu kubwa. Saa ya gari ni kazi ya mafundi.

Hakusema kitu. Lakini mimi sikulala vizuri. Ile teksi njo ilikuwa imenilipia mwaka wa mwisho. TFC yangu ilikuwa na kurasa 60 juu ya umeme, na hapo nilikuwa nimemwambia mtu aliyeilipia kwamba haina msaada kwake. Kesho yake, siku ya Jumapili gari inapopumzika, nilimwomba ufunguo.

Hii ndiyo njia niliyoifuata, pamoja na makosa yangu, ili wewe usiyarudie.

1. Sikiliza dalili kwanza

Kosa la wengi ni kushika bisibisi mbele ya kushika akili. Saa ya gari ya namna hii inapokea nyaya tatu au nne, na kila waya ina kazi yake:

– Waya ya umeme wa kudumu. Inatoka kwenye batri hata kama ufunguo umetolewa. Hii inalisha sehemu inayohesabu, ili saa isisahau.
– Waya ya umeme wa ufunguo. Inapata umeme tu ukizungusha ufunguo mpaka nafasi ya redio. Hii inawasha namba.
– Masi, yaani upande wa hasi, uliofungwa kwenye mwili wa gari.
– Waya ya taa. Ukiwasha taa za usiku, inaambia saa ipunguze mwanga isikuchome macho.

Ukijua haya, dalili zinaanza kusema zenyewe. Saa ikirudi kwenye 1:00 kila ukizima gari, umeme wa kudumu haufiki. Namba zikiwa hafifu mchana tu, huenda umesahau taa zinawaka, na hapo hakuna ugonjwa. Namba zisipowaka kabisa na redio pia imekufa, angalia fyuzi. Zikiwaka na kuzima kwa kufuata joto au ngumi, kuna kitu kimelegea ndani.

Nilimwuliza baba mdogo: namba zikirudi, saa inakuwa sahihi ama inakuwa imepotea? Akasema: «Inakuwa sahihi, kama vile haikuzima.» Jibu hilo peke yake lilinipa nusu ya kazi. Sehemu ya kuhesabu ilikuwa nzima na umeme wa kudumu ulikuwa unafika. Shida ilikuwa upande wa kuwasha namba. Nilikuwa bado sijafungua hata bisi moja.

2. Fungua sanduku la fyuzi

Fyuzi, ile tunaita fizibli, ni daraja lililojengwa dhaifu kwa makusudi. Umeme ukizidi, linakatika lenyewe mbele nyaya hazijaungua. Zile za kisasa za miguu miwili bapa zina rangi: nyekundu ni ampea 10, buluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Katika gari nyingi, saa inashiriki fyuzi na redio au na kile kiwashio cha sigara.

Niliinama chini ya usukani, nikafungua kifuniko, na hapo nikasimama. Mahali pa fyuzi ya redio hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na kipande cha waya ya shaba kilichokunjwa kama pini ya nywele.

Baba mdogo alikumbuka: mwaka uliopita alibadilisha redio, fyuzi ikawa inakatika kila siku, na fundi mmoja akamwekea ile waya. «Tangu hapo haijakatika tena,» akasema kwa furaha.

Wenzangu, hapa naomba tuelewane vizuri. Fyuzi inayokatika kila siku inakuambia kuna mahali umeme unavuja. Ukiweka waya mahali pake, bado unavuja, ila umemnyamazisha yule anayekuambia. Waya ya shaba yenye unene wa milimita moja inahitaji karibu ampea 80 ili iyeyuke. Nyaya nyembamba za redio zinaungua zamani sana kabla ya hapo, nyuma ya plastiki, karibu na miguu ya abiria.

Nilitoa redio. Nyuma yake, waya moja ilikuwa imebanwa na ukingo wa chuma. Plastiki yake ilikuwa imesagika, na kwa kipande cha urefu wa kidole ilikuwa imelainika na kugeuka rangi ya kahawa. Kila gari iliporuka kwenye mawe yetu ya volkano, shaba ilikuwa inagusa chuma kidogo. Baba mdogo aliiona na macho yake. Akanusa ile plastiki, akasema polepole: «Kumbe ile harufu ilikuwa hii.» Alikuwa ameisikia wiki nyingi akidhani ni mafuta ya injini.

Nilikata ile sehemu, nikaunga waya mpya, nikaifunga vizuri mbali na chuma, kisha nikaweka fyuzi ya kweli ya ampea 10.

Na hapa kosa langu la kwanza: sikutoa batri. Bisibisi yangu iligusa waya ya umeme na chuma cha gari kwa pamoja. Cheche, na fyuzi mpya ikafa palepale. Niliaibika, lakini baba mdogo alicheka: «Sasa nimeona kazi yake.» Kama ile waya ya shaba ingekuwa bado mahali pake, kilichoungua kingekuwa kitu kingine.

Kwa hiyo: toa kwanza hasi ya batri, kisha fanya kazi. Kwa nini hasi? Juu mwili wote wa gari ni hasi. Ukianza na chanya na ufunguo wako ukagusa bodi, umepata njia fupi ya umeme mikononi mwako. Hasi ikishatoka, hata ukigusa hakuna kitu. Ukirudisha, hasi inarudi ya mwisho. Uliza pia kama redio ya gari inadai kodi ikikosa umeme. Na kama gari iko na mifuko ya hewa ya ajali, ukishatoa batri ngoja dakika kadhaa, wala usichokoe plagi za rangi ya njano.

3. Gawanya shida katikati

Fyuzi ilikuwa mpya, lakini mchana namba zikazima tena. Kwa hiyo kulikuwa na ugonjwa wa pili, na ule ndio tuliokuwa tunautafuta tangu mwanzo.

Nilitoa saa kwenye tablo. Usitumie chuma kuchokonoa plastiki ya zamani, inapasuka. Mimi nilitumia mpini wa kijiko cha plastiki. Nilichomoa plagi nyuma ya saa, nikarudisha batri, nikapima na multimetri. Usiamini rangi za nyaya, kila mfano wa gari una zake. Pima. Waya moja ilinipa volti 12.4 bila ufunguo: huo ni umeme wa kudumu. Nyingine ilinipa sifuri bila ufunguo, na volti 12.3 ufunguo ukiwa kwenye redio. Masi nayo ilikuwa nzuri. Kumbuka tu kwamba batri nzima iliyopumzika iko karibu na volti 12.6, na injini ikinguruma unaona kati ya 13.8 na 14.4.

Hapo nilikuwa nimegawanya shida katikati. Upande wa gari ni mzima, umeme unafika mpaka mlangoni pa saa. Basi ugonjwa uko ndani ya saa. Huu mtindo wa kukata shida nusu kwa nusu tuliufundishwa kwenye auditwari, na tuliuandika kwenye mtihani. Mimi nilikuwa sijawahi kuutumia juu ya kitu chenye vumbi.

4. Ndani ya saa kuna nini

Ukifungua lile boksi dogo unakuta plaketi moja, na juu yake vitu vitatu vya kujua.

Cha kwanza ni kioo cha namba. Ni kijichupa cha kioo kisicho na hewa ndani. Nyuzi nyembamba sana zinapashwa moto kidogo, zinatoa elektroni, na elektroni zikigonga vipande vilivyopakwa unga wa fosfori, vinang'aa kijani. Kila namba imeundwa na vipande saba. Kipande kimoja kikikosekana, tafuta mguu mmoja uliolegea. Kioo chote kikififia pamoja, angalia umeme unaokilisha.

Cha pili ni kristali ya kwatzi. Inatetemeka kwa mpigo usiobadilika. Katika saa nyingi za mkononi inatetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na katika saa nyingi za magari ya miaka ile mara 4,194,304. Namba hizi si za bahati nasibu. Gawanya ya kwanza kwa mbili mara 15, au ya pili mara 22, na utabaki na moja: sekunde moja. Kristali ikikosea sehemu 20 kwa milioni, saa inapotea chini ya sekunde mbili kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi. Hilo ni jambo la kawaida, si ugonjwa.

Cha tatu ni rezistansi, na hapa ndipo tulipokuwa na shida. Kioo hakihitaji volti zote za batri kwenye zile nyuzi zake, kwa hiyo kuna rezistansi inayobeba zilizozidi na kuzigeuza joto. Yangu ilikuwa imeandikwa 151, maana yake 15 na sifuri moja: omu 150. Nilipima juu yake karibu volti 7. Piga hesabu: 7 mara 7 ni 49, gawanya kwa 150, unapata karibu wati 0.33. Ni kidogo, lakini kwa kitu kidogo kuliko punje ya mchele, ni moto wa kila siku.

Sasa weka ile plaketi ndani ya tablo iliyopigwa na jua. Asubuhi ni baridi, mchana ni moto, usiku baridi tena. Etaini, shaba na ile rezistansi, kila kimoja kinatanuka kwa kipimo chake. Ongeza mitetemo ya barabara ya lava, kwa zaidi ya miaka 20. Mwisho, etaini inayoshika mguu inapasuka. Ikiwa baridi, pande mbili bado zinagusana. Ikipata moto, zinaachana. Ukipiga ngumi, zinagusana tena. Ngumi ya baba mdogo haikuwa uchawi: alikuwa anafunga mkato kwa sekunde chache, na kila mara anauzidisha.

Kwa macho peke yake sikuona kitu. Nilitumia kamera ya simu, nikavuta picha karibu, na nikaona duara nyembamba nyeusi kuzunguka mwisho mmoja wa ile rezistansi. Ule ndio ulikuwa ugonjwa wote.

5. Kuchomelea upya

Kosa langu la pili lilikuwa hapa. Niliazima chuma cha kuchomelea cha wati 60, chenye ncha nene kama kalamu ya kuandikia ubaoni. Etaini ya kawaida yenye risasi inayeyuka karibu na nyuzi 183, lakini mimi nilikibana pale mpaka njia ya shaba ikabanduka kutoka kwenye plaketi. Nilijua nimeiua saa ya mtu.

Nilipumzika, nikanywa maji, nikarudi. Nilichukua unywele mmoja wa shaba ndani ya kabo ya simu iliyokufa, nikauunga kutoka mguu wa rezistansi mpaka mahali njia ilipokuwa bado nzima. Safari hii kwa chuma cha wati 25, ncha nyembamba na safi, kila mguso sekunde mbili au tatu, si zaidi. Utaratibu ni huu: safisha mahali, gusa mguu na shaba kwa pamoja vipate moto, lete etaini mpya ijifungue yenyewe, toa etaini, toa chuma, usitikise mpaka ipoe. Kiungo kizuri kinang'aa na kinateremka kama kilima kidogo. Kikiwa kama mpira uliokaa juu, hakijashika. Fanya mahali penye hewa, moshi wake si mzuri, na nawa mikono mbele ya kula.

Nilichomelea upya miguu yote ya rezistansi na ya plagi. Kama mmoja umepasuka kwa uzee, jirani zake wako njiani.

6. Jaribu kabla ya kufunga

Usirudishe saa na kushangilia. Ugonjwa huu unatoka na joto, basi ujaribu na joto. Nilifunga saa kwa nyaya kwenye batri, na fyuzi ndogo katikati, nikaiacha juu ya dirisha lenye jua saa mbili nzima. Kila mara nilikuwa naigonga na mpini wa bisibisi. Haikuzima hata mara moja. Hapo ndipo nilipoirudisha ndani ya tablo.

Kwa kuiweka sahihi kuna vitufe vitatu: H ni ya saa, M ni ya dakika, na :00 inapeleka kwenye saa kamili iliyo karibu. Ikiwa bado haijafika dakika 30 inarudi nyuma, ikiwa imepita inaenda mbele. Na angalia unachofuata. Sisi huku mashariki tuko saa moja mbele ya Kinshasa, na saa moja nyuma ya Uganda. Nimeshaona gari iliyotoka Kampala na mwenyewe akaifuata saa yake wiki nzima, akishangaa kwa nini anafika kila mahali mapema.

Kwa kumaliza

Gharama yote: fyuzi mbili (juu ile ya kwanza niliiua), etaini kidogo, waya ya mita moja, na soda kwa jirani aliyeniazimisha chuma. Haikufika dola 5. Pale tulipouliza saa iliyotumika, walitaka dola 20, na ile nayo ingekuwa na rezistansi ileile na umri uleule. Na kama tungebadilisha saa tu, ile waya ya shaba ingebaki mahali pake.

Si kila saa itafanya vile. Katika gari mpya, saa iko ndani ya skrini moja na redio, na hapo mara nyingi shida ni ya kuweka mipangilio. Lakini mpangilio wa kufikiri haubadiliki: sikiliza dalili, angalia ulinzi, pima mlangoni, kisha ndio ufungue.

Ninayo maneno mawili kwa wadogo zangu walio bado chuoni. La kwanza: shule haikutudanganya. Kila kitu nilichotumia siku ile nilikuwa nimekisoma, mpaka ile hesabu ya wati. Kilichokosekana ni mimi kukubali kwamba kitu kidogo na chafu nacho ni elektroniki. La pili: usidharau fundi. Yule aliyeweka ile waya hakuwa mtu mbaya. Mteja alitaka gari itembee siku ileile, na hakuna aliyekuwa amemweleza fyuzi inasema nini. Sisi tunaojua njo tunapaswa kueleza, na si kueleza kwa Kifaransa cha mtihani.

Jumatatu asubuhi baba mdogo alikuja kunichukua tuzunguke. Mchana, jua lilipopanda, aliinua ngumi kwa mazoea, akaangalia tablo, akaishusha. Namba zilikuwa zinawaka. Akaendesha kidogo bila kusema, kisha akasema:

– Aksanti, kijana wangu. Sasa uangalie na ile taa ya nyuma.

Niliiangalia. Balbu ilikuwa nzima. Masi ndiyo ilikuwa imekula kutu.